Kabla ya Kuugusa Mpira wa Mgonjwa

Mgonjwa aliyelazwa hospitalini aghalabu huwa na mpira mmoja au zaidi mwilini mwake. Upo ule mwembamba wa dripu uliochomwa mkononi. Upo mpira wa mkojo unaopitishwa hadi kwenye kibofu na kuishia katika mfuko uliotundikwa ubavuni mwa kitanda. Na kwa mgonjwa mahututi upo mrija mrefu unaoingizwa shingoni au kifuani hadi kwenye mshipa mkubwa wa damu ulio karibu na moyo. Jamaa wanaokuja kumtazama huiona mipira hiyo wakafarijika, kwa kuwa ni dalili kwamba mgonjwa wao anashughulikiwa. Na kweli anashughulikiwa. Lakini kila mmoja wa mipira hiyo ni mlango uliofunguliwa katika mwili, na kupitia mlango huo huo ulioingiza dawa, viini vya maradhi navyo huweza kuingia.

Ngozi ya binadamu ni ukuta madhubuti. Mkojo nao kila unapotoka huisafisha njia yake. Mpira unapowekwa, kinga hizo huwa zimerukwa. Viini vilivyokuwa juu ya ngozi ya mgonjwa mwenyewe, au vilivyoletwa na mikono ya anayemhudumia, hujishikiza kwenye mpira, hupanda polepole kuelekea ndani, kisha hujijengea utando wa ute ambao dawa huupenya kwa shida. Wataalamu wamekadiria kwamba kila siku ambayo mpira wa mkojo unabaki mwilini, wagonjwa 3 hadi 7 katika kila 100 huingiwa na viini katika mkojo wao. Wengi wao hawataugua kwa sababu hiyo. Lakini viini vikifika katika damu, homa hupanda, shinikizo la damu huporomoka, na mtu aliyeletwa hospitalini kwa ajili ya mguu uliovunjika huweza kufa kwa ugonjwa ambao hakuja nao.

Dawa ya kwanza ya balaa hilo inajulikana na kila muuguzi tangu siku yake ya kwanza chuoni: safisha mikono. Basi kwa nini jambo linalojulikana na wote halitendwi na wote? Hilo ndilo swali lililowasumbua waganga kwa zaidi ya miaka 150.

Mwaka 1847, katika hospitali kuu ya mji wa Vienna, daktari Ignaz Semmelweis alihangaishwa na vifo vya wazazi. Kliniki za uzazi zilikuwa mbili. Katika moja walifundishwa madaktari, katika nyingine wakunga. Waliokufa kwa homa ya uzazi walikuwa wengi mno katika ile ya madaktari. Mwezi Machi mwaka huo, mwenzake aitwaye Jakob Kolletschka alijeruhiwa kwa kisu wakati wa kupasua maiti, naye akafa kwa ugonjwa uliofanana kabisa na ule wa wazazi. Hapo Semmelweis akang'amua: madaktari na wanafunzi wao walikuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda kuzalisha. Katikati ya Mei aliagiza kila mmoja aoshe mikono kwa maji yenye klorini. Mwezi Aprili walikuwa wamekufa wazazi 18 katika kila 100. Mwezi Juni walikufa 2 hivi.

Ungedhani kwamba baada ya hapo dunia nzima ilinawa mikono. La hasha! Semmelweis hakuandika kitabu chake hadi mwaka 1861, na waliompinga aliwaandikia barua za kuwaita wauaji. Aliondoka Vienna mwaka 1850, na mwaka 1865 akafariki katika hospitali ya wenye maradhi ya akili akiwa na umri wa miaka 47, kwa jeraha lililooza. Ukweli alikuwa nao. Njia ya kuwafundisha wenzake ndiyo aliyoikosa.

Njia hiyo ilianza kuonekana vizuri zaidi mjini Geneva katika miaka ya 1990. Daktari Didier Pittet na wenzake hawakuanza kwa kukemea, bali kwa kuhesabu. Waliona kwamba muuguzi wa wagonjwa mahututi huhitaji kusafisha mikono mara 20 au zaidi kwa saa moja. Kwenda kwenye sinki, kunawa kwa sabuni, kukausha na kurudi huchukua dakika nzima na ushei. Pigeni hesabu wenyewe: theluthi ya saa na zaidi ingeishia sinkini, na wagonjwa wangebaki wakisubiri. Kumbe aliyeitwa mzembe alikuwa akidaiwa jambo lisilowezekana. Basi chupa za spiriti ya kupaka mikononi, ambayo hufanya kazi kwa sekunde 20 hadi 30, zikawekwa kando ya vitanda na kutiwa mifukoni mwa wauguzi, na kuta zikabandikwa mabango ya vikatuni yaliyobadilishwa mara kwa mara. Usafi wa mikono ulipanda kutoka asilimia 48 hadi 66, na wagonjwa waliokutwa na maambukizo ya hospitalini walipungua kutoka karibu 17 katika kila 100 mwaka 1994 hadi karibu 10 mwaka 1998. Wauguzi na wasaidizi wao walibadilika sana. Madaktari, asema Pittet katika taarifa yake, hawakubadilika vya kutosha. Jambo hilo tutalirudia.

Leo mafunzo mazuri hayafanywi kwa hotuba. Mwanafunzi hupakwa mikononi dawa inayong'aa chini ya taa maalumu, huambiwa anawe kama alivyozoea, kisha huionyesha mikono yake kwenye taa. Ncha za vidole, vidole gumba na maungio ya vidole ndiyo hubaki yaking'aa, na hakuna karipio linaloingia moyoni kuliko hilo. Hufundishwa pia nyakati tano zilizowekwa na Shirika la Afya Duniani: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya tendo lolote linalohitaji usafi kamili, baada ya kugusana na majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Kwa mwenye mpira, wakati wa pili ndio roho ya mambo yote. Tena glovu si badala ya kunawa. Aliyevaa glovu akashika kitasa, kisha shuka, kisha mpira wa mgonjwa, amejikinga yeye tu.

Sasa turudi kwa madaktari. Mwaka 2001, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, daktari Peter Pronovost aliandika kwenye karatasi moja hatua za kufuatwa wakati wa kuweka mrija wa mshipa mkubwa: kunawa mikono, kuisafisha ngozi ya mgonjwa kwa dawa, kumfunika mgonjwa mwili mzima kwa shuka safi, mwenye kuweka mrija kuvaa kofia, barakoa, joho na glovu. Hakuna lolote jipya hapo. Jipya lilikuwa hili: muuguzi alipewa idhini ya kumzuia daktari anayeruka hatua. Mwaka 2003 mpango wa namna hiyo ulipelekwa katika jimbo la Michigan, kwenye wodi 103 za wagonjwa mahututi, na vifaa vyote vikawekwa pamoja katika kigari kimoja ili asiwepo wa kusingizia kukosa shuka. Kabla ya hapo kiwango cha kati cha maambukizo ya damu kilikuwa 2.7 kwa kila siku 1,000 za mrija. Baada ya miezi mitatu kilikuwa sifuri.

Tuliolelewa kwamba mdogo hamsahihishi mkubwa twaelewa uzito wa idhini ile. Muuguzi wa mwaka wa kwanza kumwambia bingwa, "Daktari, hujanawa," si jambo dogo hata kidogo, na kwa maoni yangu somo la kunawa lisilomfundisha bingwa kuyapokea maneno hayo bila hasira ni nusu ya somo.

Yupo atakayesema kwamba hayo ni mambo ya nchi tajiri. Nchini Mali, katika hospitali ya Point G mjini Bamako, spiriti ilitengenezwa humo humo nchini kutokana na miwa. Usafi wa mikono ulikuwa asilimia 8 tu. Baada ya mafunzo ukafika karibu 22. Bado ni mdogo, lakini ni karibu mara tatu ya awali, na spiriti ina faida kubwa pale ambapo bomba hukauka. Mikono yenye uchafu unaoonekana, hata hivyo, haina budi kuoshwa kwa maji na sabuni.

Nasi jamaa tumo katika habari hii, maana huku kwetu mara nyingi ndugu ndiye anayemwogesha mgonjwa, kumgeuza na kumwaga mkojo. Anayefanya hivyo anawe kabla na baada. Mfuko wa mkojo ukae chini kuliko kibofu, lakini usilazwe sakafuni; unapomgeuza mgonjwa usiupandishe kitandani, kwani mkojo utarudi nyuma. Mpira usichomolewe kutoka kwenye mfuko bila muuguzi kuagiza, na mdomo wa mfuko usigusane na chombo cha kumwagia. Kisha kila asubuhi, daktari anapopita, mwulizeni kwa adabu kama mpira ule bado unahitajika. Mara nyingine huwa haukuhitajika tangu juzi.