Mkungu wa Ndizi Huondoka na Udongo

Mkungu wa ndizi unaoununua sokoni umebeba zaidi ya chakula. Umebeba sehemu ya rutuba ya shamba ulikokatwa. Rutuba hiyo ilipanda mgombani, ikaingia katika ndizi, nawe ukiila huipitisha tu; mwisho wake ni chooni. Katika miji yetu mingi safari huishia hapo. Shimo likijaa hufukiwa, au hunyonywa na gari, au, na hilo ndilo baya zaidi, hufurika wakati wa mvua na kuingia visimani. Wakazi wa Dar es Salaam hawajasahau kipindupindu kilichozuka Agosti 2015, kikaenea katika mikoa mingi na kuua watu kwa mamia.

Huko Karagwe na Kyerwa, zilizokuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, wazee walilifahamu jambo hili pasipo kufundishwa darasani. Kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni linaloizunguka nyumba, kililishwa kama anavyolishwa ng'ombe. Samadi, maganda, nyasi zilizofyekwa nyikani na majivu ya jikoni, vyote viliwekwa mashinani mwa migomba. Ndiyo sababu babu, mwana na mjukuu waliweza kula katika ardhi ileile. Siku hizi nyumba nyingi hazina ng'ombe, ardhi imegawanywa kwa warithi, na mikungu hupakiwa katika malori kwenda mijini. Kinachotoka ni kingi, kinachorudi ni kidogo.

Kwa ajili hiyo shirika la wakulima liitwalo MAVUNO, lenye makao yake Karagwe, lilishirikiana na wahandisi na wataalamu kutoka Ujerumani kujaribu choo cha namna nyingine. Hakitumii maji, wala hakichimbiwi shimo refu. Mkojo hupita njia yake na kuingia katika dumu. Mavi (neno hili tulisamehe siku ya Jumapili, ila ni Kiswahili safi) hudondokea chomboni na kufunikwa kwa vumbi la mbao au majivu. Baadaye hutiwa katika tanuri la udongo na kupashwa joto la nyuzi 65 hadi 75 kwa muda usiopungua nusu saa, ili vijidudu vya maradhi na mayai ya minyoo vife. Kisha huchanganywa na mabaki ya mazao, majivu, mkojo na mkaa uliopondwa, yakaachwa yaoze hadi yawe mboji.

Mkaa huo hautokani na tanuu za msituni. Hubaki katika majiko maalumu yanayochoma vumbi la mbao kwa hewa kidogo, yenye moshi haba kuliko mafiga matatu. Mama mpishi hupata nafuu ya kifua na shamba hupata chakula. Ukiwa ardhini husaidia kushika maji, jambo lenye thamani kubwa sasa ambapo mvua hazifuati tena kalenda tuliyoizoea. Majivu nayo hupunguza ukali wa udongo. Katika majaribio yaliyofanywa Karagwe, mahindi yaliyotiwa mboji hiyo yalitoa mavuno takriban mara nne ya yale yasiyotiwa kitu.

Je, jambo hili linaihusu miji? Linaihusu sana. Kayanga, Omurushaka na Nkwenda zinakua, na nyumba za kupanga zinaongezeka. Lakini vibanja bado viko karibu, mwendo wa mguu kutoka dukani. Dar es Salaam imekwisha kuipoteza nafasi hiyo katika mitaa mingi. Kikwazo, kwa maoni yangu, si kinyaa, kwani kinyaa huisha mtu akiishika mboji na kuona inanukia kama udongo wa msituni. Kikwazo ni kazi. Mpangaji hana shamba, mwenye nyumba hataki usumbufu, na mkulima hawezi kuja kila siku. Mtu mmoja hutoa kiasi cha lita 500 za mkojo kwa mwaka. Nyumba ya watu sita hutoa lita 3,000, nazo ni madumu 150 ya lita ishirini. Baiskeli huchukua madumu mawili au matatu kwa safari moja, na mpaka sasa hakuna aliyekubaliana na mwenzake nani amlipe mwendesha baiskeli.