Karo Umelipa, Usingizi Je?

Mfanyabiashara wa Nabuyoga akishusha mahindi Busia huulizwa bei, si kabila. Wateso na Wasamia wako pande zote mbili za mpaka.

Lakini mwanao aliye chuoni Kenya huenda kila usiku anaitwa "madoadoa" kwenye simu, yaani mtu asiyetakiwa pale. Matusi hayo humnyima usingizi, humtia hofu, humtenga na wenzake, masomo yakaporomoka.

Mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano ya Kenya ililiweka neno hilo katika orodha ya maneno ya chuki. Sheria ya 2008 huadhibu uchochezi wa kikabila kwa kifungo cha hadi miaka 5.

Ukimpigia, usiishie kwenye karo. Muulize analalaje. Ahifadhi ujumbe kama ushahidi, amwone mshauri wa chuo.