Malakiti Mbele ya Lenzi

Mpiga picha wa Finland au Kanada anayependa picha dhahania za maumbile husubiri baridi igandishe ziwa, kisha hutafuta nyufa, mapovu na mistari ndani ya barafu. Mji wa Lubumbashi nchini Kongo hupata asubuhi za baridi mwezi Juni na Julai, lakini maziwa yake hayagandi. Hata hivyo, ardhi ya Katanga inayouzunguka mji huo ina jiwe linalompa mpiga picha mistari ya namna hiyo, tena kwa rangi ya kijani: malakiti.

Picha dhahania huacha nje kingo za kitu na kipimo cha ukubwa wake, ili jicho lifuate mstari, rangi na mpangilio. Picha nzuri ya aina hii hutuonyesha jinsi kitu kilivyokua. Wilson Bentley, mkulima wa Vermont, Marekani, aliunganisha kamera na hadubini, na mwezi Januari 1885 akapata picha yake ya kwanza ya fuwele ya theluji. Alipiga zaidi ya 5,000, na katika nyingi mtazamaji anaona matawi yakichipuka kutoka katikati.

Malakiti nayo ina historia ya kukua, na huanza na mvua. Maji yenye kaboni dioksidi hupenya kwenye miamba yenye shaba, huiyeyusha shaba hiyo, kisha yakikutana na mwamba wa dolomiti hupoteza ukali wake. Hapo shaba hushikamana na kaboneti na kujijenga kwenye kuta za nyufa. Fuwele zake ni nyuzi nyembamba zinazosimama bega kwa bega, tabaka juu ya tabaka. Maji yakibadilika, fuwele nazo hubadilika: ndogo hutoa kijani kilichopauka, kubwa hutoa kijani kinachokaribia weusi. Ndiyo maana jiwe likikatwa na kung'arishwa huonyesha pete zisizolingana upana.

Pete hizo zinataka subira ya kamera. Uso uliong'arishwa hurudisha mwanga na kuweka doa jeupe juu ya rangi. Basi piga kivulini au kando ya dirisha, na ukiwa na kichujio cha polaraizi, kizungushe mpaka mng'ao upungue. Ukipiga kitu kwa ukubwa wake halisi kwenye lenzi ya makro, hata kwa f/8 ni takriban milimita 1 tu ya kina inayotoka wazi. Kwa hiyo kamera ikae juu ya tripodi, na uso wa jiwe uwe sambamba kabisa na lenzi. Jiwe ghafi lenye vinundu hutaka kinyume chake: mwanga uje kutoka ubavuni, ukitambaa juu ya vinundu ili kila kimoja kitupe kivuli. Ligeuze polepole utaona mng'ao wa hariri ukihama, kwa sababu nyuzi zilizo jirani zimeelekea upande mmoja. Usilikate wala kulisaga mwenyewe bila maji na barakoa, maana vumbi lake ni sumu.

Ikishapigwa, picha inahitaji maelezo. Takriban asilimia 57 ya uzito wa malakiti ni shaba. Mafundi wa Katanga waliiyeyusha karne nyingi kabla ya ukoloni na kusubu misalaba ya shaba. Kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilianza kuyeyusha shaba Lubumbashi mwaka 1911, na mji ukakua kuizunguka kazi hiyo. Sammy Baloji, mpiga picha mzaliwa wa Lubumbashi, aliwarudisha wafanyakazi mbele ya macho yetu katika mfululizo wake Mémoire, akiunganisha picha za kale za ukoloni na mandhari ya viwanda vilivyochakaa. Yeye ni miongoni mwa waanzilishi wa Picha, kituo cha sanaa kilichoanzisha mwaka 2008 maonyesho ambayo leo ni Biennale ya Lubumbashi.

Picha ya karibu sana humwacha nje mchimbaji, shimo na mji. Kwa barafu ya ziwani hasara hiyo ni ndogo. Kwa jiwe lililotolewa ardhini kwa jasho la mtu, ni kubwa. Kwa hiyo nawasihi wapiga picha vijana wa Lubumbashi: chini ya kila picha dhahania ya malakiti andikeni jina la jiwe, upana wake halisi kwa sentimita, na mgodi lilikotoka, kama mnaujua kwa hakika. Mtazamaji atafurahia mistari kwanza, kisha atajua ni ardhi ya nani anayoitazama.