Rose Muhando: Mwimbaji Tunayesahau Kuwa ni Mwigizaji (Sehemu ya Pili)

Na Mchangiaji Wetu, Makole, Dodoma

Wiki iliyopita tulimwacha Rose Muhando akiwa bado mwalimu wa kwaya. Ni binti wa Dumila, wilayani Kilosa, aliyezaliwa mwaka 1976 katika familia ya Kiislamu, akaugua kwa muda mrefu utotoni, na kwa ushuhuda wake mwenyewe akapona baada ya kumwona Yesu katika maono. Ndipo akaokoka, na hatimaye akaibukia hapa Dodoma katika Kwaya ya Mtakatifu Maria ya Kanisa Anglikana Chimuli. Mwanzoni mwa mwaka 2005 tayari alikuwa amezoa tuzo za muziki wa Injili nchini, ya mwimbaji bora, ya mtunzi bora na ya albamu bora. Tangu hapo tumezoea kumpima kwa koo lake: sauti nzito, yenye kukwaruza, isiyochoka. Sipingi hata moja kati ya hayo. Ila waimbaji wenye sauti kubwa wako wengi katika kwaya zetu, na hawakufika alikofika yeye. Ninachodai leo ni kwamba Rose Muhando ni mwigizaji, na kwamba sehemu kubwa ya kazi yake tumeipokea kwa macho.

Tuanze na nyimbo zenyewe. Mwimbaji wa kawaida wa Injili huwa na nafsi moja kutoka mwanzo wa albamu hadi mwisho: muumini anayesifu. Rose hubadilisha nafsi. Katika "Nibebe" anayesema ni mtu aliyeelemewa, asiye na nguvu za kusimama mwenyewe, akimlilia Mungu. Katika "Mteule Uwe Macho" amegeuka mlinzi anayeonya wenzake. Katika "Jipange Sawasawa" ni mwonyaji mkali anayemkabili msikilizaji uso kwa uso. Hao ni wahusika watatu, na kila mmoja ana mkao wake wa mwili na namna yake ya kupumua. Mtazame anapoongoza kundi lake la wachezaji waliovaa sare: hasimami pembeni kama mwalimu anayesimamia, yuko mbele, anainama, anainuka, anautupa mkono, anaacha kuimba na kusema maneno kama anayezungumza na mtu aliye chumbani. Ukizima sauti ya runinga bado utajua analia, anaonya au anashangilia. Huo ndio uigizaji, na mwigizaji wa filamu hupimwa kwa kipimo hichohicho.

Uwezo huo haukuanguka kutoka hewani. Kwaya ya Kitanzania si watu wa kusimama na vitabu mkononi. Mwalimu wa kwaya hupanga sauti, hupanga hatua, na sikukuu zikifika hupanga igizo na ngonjera. Kwa hiyo aliyefundisha kwaya amefundisha pia jukwaa. Na kwaya ya Dodoma ina jambo la ziada. Mji huu uko Ugogo, nchi ya Wagogo, ambako mwanamke hupiga ngoma. Katika ngoma yao ya muheme ni akina mama wanaoibana ngoma mapajani na kuipiga, wakiimba na kucheza kwa wakati mmoja, wakati katika jamii nyingi za nchi hii mikono ya ngoma ni ya wanaume. Sisemi kwamba Rose ni Mgogo, wala kwamba nyimbo zake ni za Kigogo. Nasema hadhira iliyomlea haikuona ajabu mwanamke kuongoza kwa sauti na mwili mzima pamoja, na msanii hukua kwa kile ambacho hadhira yake inakikubali.

Kisha kikaja chombo. Albamu zake za mwanzo ziliingia sokoni wakati kaseti zinaondoka na VCD zinaingia, nyumba za kawaida zikinunua deki, na mabasi ya masafa marefu yakifunga runinga juu ya kichwa cha dereva. Miaka hiyohiyo ndiyo iliyozaa filamu zetu za Kiswahili za video. Filamu ya "Girlfriend" ya mwaka 2003, iliyoongozwa na George Tyson, iliwaweka wanamuziki wa kizazi kipya mbele ya kamera, na hakuna aliyeshangaa, kwa sababu mpaka kati ya wimbo na filamu ulikuwa mwembamba tangu mwanzo. Wakati vijana wa mijini wakitazama filamu hizo, familia nyingi za walokole ambazo hazikutaka filamu za mapenzi sebuleni zilikuwa na Rose Muhando. Yeye ndiye aliyekuwa nyota wao wa sinema. Mkataba wa albamu kadhaa aliotia saini na Sony Music mwezi Februari 2011 ulimkuta akiwa na hadhira hiyo tayari.

Najua watakaokasirika. Watasema kumwita mwimbaji wa Injili mwigizaji ni kumwita mnafiki. Hofu hiyo naielewa, lakini msingi wake ni dhaifu. Yeremia alivaa nira shingoni mbele ya watu ili waone utumwa unaokuja. Ezekieli alichora mji wa Yerusalemu juu ya tofali na kuuzingira. Walikuwa wakionyesha kwa mwili jambo ambalo maneno peke yake hayakutosha, na hakuna anayewaita waongo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mwezi Novemba 2018 ilisambaa video kutoka Kenya ikimwonyesha Rose akiombewa na mchungaji, akiwa katika hali ya kutisha. Mtu anaweza kuniambia: ukisema ni mwigizaji, umewapa silaha wale waliodai kuwa hata siku ile alikuwa akiigiza. Mimi naona kinyume chake. Mwigizaji huchagua nafsi, huitunga, huifanyia mazoezi, huvaa vazi lake, na huikubali kamera kabla haijawashwa. Tukijua hivyo, tunajua pia pale ambapo hakuna igizo lolote, ila mwanamke anayeteseka na simu za watu zinazorekodi. Tulioisambaza video ile tulimkosea, na tulimkosea hasa kwa sababu hatukuwahi kuuheshimu uigizaji wake kama kazi. Tukadhani kila anapoonekana ni burudani yetu. Alirudi jukwaani baadaye, na anastahili kutazamwa upya kwa kile alichokifanya kwa hiari na ustadi.

Kwa hiyo nawaomba wahakiki wa filamu na walimu wa sanaa za maonyesho waziweke VCD za Rose Muhando mezani pamoja na filamu za miaka ile, wazijadili kwa vigezo vilevile. Nawe msomaji, kama bado unazo zile sahani kabatini, usizitupe. Nyingine hazina nakala nzuri mahali popote.

Itaendelea wiki ijayo: mkataba wa 2011 na suala la mirabaha.