Kondoo wa Kudumu Zizini

Ndugu wafanyakazi, wengi wetu hapa Kampala tuna kondoo wachache kijijini. Ndiyo akiba yetu mshahara ukichelewa. Kondoo jike anayeanza kuzaa akiwa na mwaka mmoja na nusu, kisha akafa kabla ya kutimiza miaka 3, hajalipa hata gharama ya kumlea. Faida iko kwa yule wa miaka 6 au 7: meno bado yanakata majani, kiwele kizima, na mtoto anamfuata nyuma.

Basi dume la mbegu litoke kwa mama kama huyo. Sisi hutazama unene tu. Hata Kenya, tangu miaka ya 1970, wafugaji wengi waliwapandisha kondoo wao wekundu wa Kimasai kwa madume ya Dorper, mbegu ya Afrika Kusini, wapate miili mikubwa. Lakini katika utafiti wa Diani, huko pwani, mwaka 1991 hadi 1996, wale wekundu walistahimili minyoo ya tumbo, na watoto wao walikufa wachache zaidi. Kwetu kandokando ya Ziwa Viktoria ni chepechepe vilevile. Minyoo hiyo tunaijua.

Ukienda kununua dume, mwambie mwenyewe akuonyeshe mama yake, umfungue mdomo umtazame meno. Akisema aliuzwa zamani, nenda zizi lingine.