MANYIGU WA CHINI YA PAA: JUA LIKIPANDA, KAZI INAANZA

Wale manyigu wenye kiuno chembamba wanaokaa chini ya mabati, wengi wetu tunawajua kwa mwiba tu. Tuangalie sasa juu ya nini kuna saa wanatulia na saa wanaruka.

Asubuhi kisha mvua kubwa, ukungu ukiwa bado juu ya Aruwimi, wanasimama kwenye kiota sawa wamekufa. Hawakufa. Mwili wao haujipashi moto kama wetu, wanangoja jua. Bati likipata joto, mmoja anatingisha mabawa, anaruka, na wengine wanafuata.

Wanatafuta nini? Kwanza nyuzi za mti mkavu: wanazikwangua, wanazitafuna na mate, zinakuwa karatasi ya kujengea vyumba. Pili maji, joto likizidi, wanayatia kwenye kiota na kukipepea kwa mabawa. Tatu nyama: wanakamata viwavi, wanavisaga kwa meno, wanalisha watoto. Na viwavi wengi ni adui wa bustani zetu.

Huko Ulaya manyigu wa namna ya Polistes wana shida nyingine. Baridi kali ikikaribia, wafanyakazi na madume wanakufa. Wanabaki majike wenye mbegu tu, wamejificha katika nyufa. Siku moja ya jua katikati ya baridi inaweza kuwaamsha. Wanatoka, lakini maua hakuna, na nguvu walizoweka mwilini zinapungua bure. Sisi wa Basoko tuko karibu na ikweta, hatuna majira hayo. Hapa kiota kinaweza kuanza mwezi wowote.

Basi tufanye nini na kiota cha juu ya mlango wa darasa? Tusitupe jiwe! Kiota kikitikiswa wote wanashuka, na nyigu anaweza kuchoma mara nyingi, maana mwiba wake haubaki ngozini kama wa nyuki. Mtu akivimba uso au pumzi ikimkata, apelekwe hospitali mara moja. Kiota cha namna hiyo kiondolewe na mtu mzima, kabla jua halijawapa nguvu, wala si kwa moto chini ya nyasi za paa. Lakini kile cha mbali, kando ya bustani, tukiache. Wenyewe wanatulindia mboga bila mshahara.