Malengo ya Mwaka: Kutoka Nia Hadi Utekelezaji

Kila mwaka mpya unapowadia, watu wengi hujiwekea maazimio. Mwanafunzi huazimia kufaulu kuliko mwaka uliopita. Mwalimu huazimia kumaliza muhtasari wa somo lake mapema. Mvutaji wa sigara huazimia kuacha. Maazimio hayo hutamkwa kwa moyo safi, lakini mengi hufifia kabla ya mwezi wa Machi. Kwa mwanafunzi hasara yake si ndogo, kwa kuwa mtihani wa taifa hauahirishwi kwa ajili ya mtu aliyechelewa kuanza.

Watu wengi hudhani kwamba anayeshindwa kutimiza azimio lake ni mvivu au hana nguvu ya moyo. Wataalamu wa saikolojia, yaani elimu ya nafsi na tabia za binadamu, wamelichunguza jambo hili kwa majaribio na vipimo kwa zaidi ya miaka hamsini. Wameona kwamba sehemu kubwa ya tofauti baina ya anayefaulu na anayeshindwa hutokana na namna lengo lenyewe lilivyowekwa. Makala haya yanakusudia kueleza yaliyogunduliwa, na jinsi yanavyoweza kutumiwa shuleni.

Mwaka huanza lini?

Dunia huzunguka Jua kwa muda wa siku 365 na robo hivi, na katika njia yake hakuna alama inayoonyesha mwanzo. Mwanadamu ndiye aliyechagua. Nchini Uingereza mwaka wa kisheria ulihesabiwa kuanzia tarehe 25 Machi, hata ilipofika mwaka 1752 ndipo tarehe 1 Januari ilipokubaliwa. Huku kwetu, watu wa Makunduchi katika kisiwa cha Unguja husherehekea Mwaka Kogwa mwezi wa Julai, na wakulima wengi huuhesabu msimu wao kwa mvua.

Hata hivyo, siku ya mwanzo ina nguvu yake katika nafsi ya mtu. Mwaka 2014 watafiti watatu wa Marekani, Hengchen Dai, Katherine Milkman na Jason Riis, walionyesha kwamba watu huhudhuria zaidi kwenye ukumbi wa mazoezi mwanzoni mwa juma, mwanzoni mwa mwezi, mwanzoni mwa mwaka na mwanzoni mwa muhula wa masomo. Siku kama hizo humfanya mtu ayaone makosa yake ya zamani kuwa ni ya mtu mwingine, akapata moyo wa kuanza upya. Kwa hiyo mwanafunzi aliyeshindwa mwezi wa Februari hana haja ya kungoja Januari nyingine: Jumatatu ijayo yatosha.

Wala si kweli kwamba maazimio ni maneno matupu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, John Norcross na wenzake waliwafuatia Wamarekani kwa muda wa miezi sita. Miongoni mwa wale walioweka azimio la mwaka mpya, asilimia 46 walisema wangali wanalitimiza. Miongoni mwa wale waliokuwa na haja kama hiyo lakini hawakuweka azimio, ni asilimia 4 tu waliosema wamefanikiwa. Kuazimia, basi, ni hatua ya kweli. Lakini zaidi ya nusu ya walioazimia walishindwa, na hapo ndipo swali letu lilipo.

Nia na lengo

Neno lengo limetokana na kulenga. Mwenye upinde halengi pori zima. Hulenga shabaha moja, na mshale ukishatoka huonekana kama umepata au umekosa. Mwanafunzi anaposema, "Mwaka huu nitajitahidi", ametaja nia njema, lakini hajalenga kitu. Ifikapo Desemba hataweza kusema kwa hakika kama alipata au alikosa.

Mtaalamu aliyelichunguza zaidi jambo hili ni Edwin Locke wa Marekani, ambaye mwaka 1968 alichapisha makala mashuhuri juu ya malengo na utendaji wa kazi. Pamoja na mwenzake Gary Latham, alionyesha kwamba watu waliopewa lengo mahsusi na gumu kiasi hufanya kazi vizuri zaidi kuliko wale walioambiwa tu wajitahidi kadiri ya uwezo wao.

Mfano mmoja maarufu ulitoka katika jimbo la Oklahoma, nao ulichapishwa na Latham na James Baldes mwaka 1975. Madereva waliobeba magogo kutoka msituni walikuwa wakijaza malori yao kiasi cha asilimia 60 tu ya uzito ulioruhusiwa na sheria, ingawa waliambiwa wajitahidi. Kisha waliwekewa lengo la asilimia 94. Hawakuahidiwa fedha wala zawadi. Walielezwa tu matokeo yao. Baada ya miezi michache uzito ulikuwa umepanda hadi kiasi cha asilimia 90, ukadumu hapo. Malori yalikuwa yale yale, na madereva wale wale.

Sababu zake ni nne. Kwanza, lengo mahsusi huelekeza fikira kwenye jambo linalohusika na kuziondoa kwenye mengine. Pili, huongeza juhudi. Tatu, humfanya mtu avumilie kwa muda mrefu zaidi. Nne, humlazimisha atafute mbinu. Lakini mambo hayo hutokea ikiwa tu mtu amelikubali lengo, ana uwezo wa kulifikia, na anapata habari za maendeleo yake mara kwa mara. Dereva asiyepimiwa mzigo wake hajui kama amekaribia. Vivyo hivyo mwanafunzi asiyerudishiwa daftari lake likiwa limesahihishwa.

Hapa inafaa kutoa tahadhari. Vitabu vingi vya mafanikio husimulia kwamba asilimia 3 ya wahitimu wa Chuo Kikuu cha Yale wa mwaka 1953 waliandika malengo yao, na kwamba baada ya miaka ishirini walikuwa na mali kuliko wenzao wote. Ulipotafutwa utafiti huo, haukupatikana, haukupata kufanywa. Msomaji wa sayansi hana budi kuuliza daima: nani alipima, na alipima vipi?

Lengo la mbali na lengo la karibu

Mwaka ni mrefu, na lengo lililo mbali halimsukumi mtu leo. Mwaka 1981 Albert Bandura na Dale Schunk walichunguza watoto waliokuwa dhaifu katika hesabu za kutoa. Watoto wote walipewa kurasa 42 za maswali kwa vipindi saba. Kundi moja liliambiwa lilenge kumaliza angalau kurasa sita katika kila kipindi. Kundi jingine liliambiwa lilenge kuzimaliza kurasa zote 42 mwishoni mwa kipindi cha saba. Kazi ilikuwa moja, kwa kuwa sita mara saba ni arobaini na mbili. Lakini kundi la kwanza lilijifunza zaidi, likawa na imani zaidi na uwezo wake, na likaanza kuzipenda hesabu zenyewe. Kila kipindi kiliwapa ushindi mdogo. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba haba na haba hujaza kibaba. Jaribio hili linaonyesha kwamba anayekitazama kibaba kikijaa huongeza bidii.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa Kidato cha Tatu aliyepata alama 28 katika hisabati, naye anataka kufikia 45. Akisema tu "nitafikia 45", hajui afanye nini kesho. Lakini akiazimia kufanya maswali mawili kila siku ya shule, atakuwa amefanya maswali 10 kwa wiki, na maswali 360 kwa wiki 36. Lengo la 45 hulipima mara chache. Lengo la maswali mawili hulipima kila jioni.

Saa, mahali na kizuizi

Hata lengo dogo huweza kusahauliwa. Mwaka 1997 Peter Gollwitzer na Veronika Brandstätter, walipokuwa wakifanya utafiti nchini Ujerumani, waliwataka wanafunzi waandike taarifa fupi wakati wa sikukuu ya Krismasi na kuipeleka kwa posta. Nusu yao walitakiwa pia kueleza mapema ni saa ngapi na mahali gani wangeiandika. Miongoni mwa hao, zaidi ya theluthi mbili walitimiza kazi kwa wakati. Miongoni mwa wengine, ni kiasi cha theluthi moja tu.

Ubongo umefunga tendo na wakati wake, na wakati unapofika tendo hujikumbusha lenyewe bila mjadala mpya. Mpango wa namna hii husemwa kwa maneno "ikiwa... basi". Mathalani: "Ikiwa nimekwisha kula chakula cha jioni, basi nitakaa mezani nifanye maswali mawili." Nao huweza kutumiwa kwa vizuizi vinavyojulikana: "Ikiwa nimechelewa kisimani na giza limeingia, basi nitayafanya asubuhi kabla ya kengele." Anayekitaja kizuizi mapema hakikatishi tamaa, bali huandaa njia ya kukipita.

Tendo likirudiwa mahali pamoja na kwa wakati mmoja, hatimaye huwa mazoea. Phillippa Lally na wenzake wa London walipima jambo hili mwaka 2010, wakaona kwamba muda unaohitajika hutofautiana sana: kuanzia siku 18 hadi makisio ya siku 254, na kipimo cha kati kikiwa siku 66. Aidha waliona kwamba kukosa siku moja hakukuharibu mazoea yaliyokuwa yakijengeka. Anayeanguka siku moja na aendelee kesho yake.

Hapana budi pia kukadiria muda kwa uangalifu. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake nchini Kanada waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu wangemaliza tasnifu zao kwa siku ngapi. Wastani wa makisio ulikuwa siku 34. Wastani wa siku walizotumia ulikuwa 55 na nusu. Methali yetu husema mipango si matumizi. Anayepanga wiki nne za marudio na ajiwekee sita.

Lengo la nani, na la kitu gani?

Lengo hudumu zaidi likiwa na maana kwa mwenyewe. Utafiti wa Kennon Sheldon na Andrew Elliot wa mwaka 1999 ulionyesha kwamba watu hutia juhudi ya kudumu katika malengo wanayoyapenda au kuyathamini wenyewe, kuliko yale wanayoyafuata kwa kuogopa lawama. Kwa hiyo mwalimu anayemwandikia mwanafunzi lengo hana budi kumweleza sababu yake, na kumsikiliza.

Kuna hatari nyingine. Mwaka 2004 Maurice Schweitzer na wenzake walionyesha kwamba watu waliowekewa idadi ya kufikia, kisha wakapungukiwa kidogo, walikuwa wepesi zaidi wa kudanganya kuhusu matokeo yao. Shule inayotukuza alama peke yake huweza, bila kukusudia, kuchochea wizi wa mitihani. Kwa anayeanza somo gumu, lengo la kujifunza, kama vile kuzielewa njia tatu za kutatua milinganyo, ni salama na lina manufaa zaidi kuliko lengo la alama.

Zoezi kwa darasa

Walimu wanaweza kuufanyia majaribio ujuzi huu. Kila mwanafunzi aandike katika daftari lake mambo matano:

1. Lengo moja la mwaka, na sababu yake mwenyewe ya kulitaka.
2. Kipimo kitakachoonyesha kwamba limefikiwa.
3. Kazi ya wiki hii, kwa idadi.
4. Saa na mahali pa kuifanya.
5. Kizuizi kimoja kinachotazamiwa, na mpango wa "ikiwa... basi" wa kukikabili.

Kila Ijumaa darasa litenge dakika kumi. Kila mmoja aandike alichotimiza, na pale alipopungukiwa arekebishe kazi ya wiki inayofuata. Daftari hilo lisitolewe alama, ili pasiwe na sababu ya kudanganya. Mwishoni mwa muhula wanafunzi wachore grafu ya kazi zao za kila wiki, kisha wajadili ni mipango ipi iliyofaulu, na kwa nini. Hivyo watakuwa wamejifunza kujipima wenyewe kama wapimavyo joto au uzito katika maabara, na wataingia muhula unaofuata wakijua pa kuanzia.